Kiwanda cha Mwisho Kiko Mwilini

Mimi ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Kazi yangu ni makaratasi: bili ya shehena, ankara, kadhia (tamko la forodha), kibali cha huyu, muhuri wa yule, mpaka mzigo utoke getini na lori lishike njia ya Pongwe. Watu wakisikia bandari na dawa za kulevya vikitajwa pamoja, wanawaza jahazi la usiku na mifuko iliyofichwa chini ya samaki. Hayo yapo, pwani hii inayajua. Lakini lipo jambo jingine lisilohitaji usiku wala jahazi. Ni kemikali ya kiwandani, imelipiwa ushuru, ina lebo safi, imeingia mchana kweupe kwa kazi halali kabisa, halafu sehemu yake ndogo ikaishia tumboni au puani mwa mtu aliyeikosa dawa anayoitaka, au aliyeshindwa bei yake.

Kwenye mabaraza yetu ya kahawa Ngamiani mazungumzo ya ulevi huanzia kwenye unga, yakapita kwenye bangi, yakamalizikia kwenye mirungi na lawama kwa wazazi. Thina hutamsikia mtu akiitaja. Gundi hutajwa kwa kejeli, kama tabia ya watoto wa stendi. Mimi naona huku ndiko kwenye maswali magumu zaidi, maana heroini ukiikamata hakuna anayekuuliza fundi atafanyia nini kazi kesho.

Chukua kitu kinachoitwa gama-butirolaktoni, kwa kifupi GBL. Ni kimiminika kisicho na rangi. Viwandani ni kiyeyushi: hubandua rangi iliyokauka, husafisha rimu za magari, hutumika kutengenezea kemikali nyingine. Ana binamu yake, 1,4-butanidioli, ambayo dunia huizalisha kwa tani nyingi mno kila mwaka kwa sababu humo ndimo hutoka aina kadhaa za plastiki na ule uzi unaovutika kwenye suruali za kubana. Hakuna kati ya hizi iliyobuniwa ili imlevye mtu. Ila zikishaingia mwilini, zote mbili hugeuka kuwa GHB, dawa ya usingizi iliyowekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 tangu mwaka 2001. Ya kwanza hubadilishwa haraka na vimeng'enya vya damu na ini. Ya pili hupita kwenye ini, na kimeng'enya kinachoishughulikia ni kile kile kinachoshughulikia pombe. Kwa maneno mengine, muuzaji hahitaji maabara ya siri. Hatua ya mwisho ya kutengeneza dawa anafanya mnywaji mwenyewe, bila hata kujua.

Kisa kinachonionyesha jambo hili kuliko sheria yoyote niliyosoma ni cha shanga za watoto. Mwaka 2007 huko Australia kulikuwa na mchezo ulioitwa Bindeez, umepewa hadi tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Mtoto anapanga vishanga vya rangi, ananyunyizia maji, vinashikana na kuwa ua au samaki. Gundi yake ilitakiwa iwe na kemikali inayoitwa 1,5-pentanidioli. Kiwanda kilichotengeneza, huko Uchina, kikatia 1,4-butanidioli, ambayo bei yake ni ndogo kwa mbali. Watoto ni watoto, wakameza. Mtoto mmoja akafikishwa hospitali Sydney amepoteza fahamu, na hakuna anayejua kala nini.

Mtaalamu wa kemia ya mwili katika hospitali ya watoto ya Westmead, Kevin Carpenter, alipopima mkojo akakuta GHB. Hebu jiweke mahali pake: dawa ambayo magazeti huihusisha na ubakaji kwenye vilabu vya usiku, imo kwenye mkojo wa mtoto mdogo. Upo ugonjwa adimu wa kurithi unaoweza kuleta hali hiyo, na huo ndio uliofikiriwa kwanza. Baadaye zikaletwa shanga zenyewe, zikapimwa, jibu likapatikana humo. Novemba mwaka huo mchezo ukaondolewa madukani, na Marekani peke yake, ambako uliuzwa kwa jina la Aqua Dots, seti zilizorudishwa zilikuwa takriban milioni 4.2.

Mimi kilichonikaa kichwani ni ile tano na ile nne. Kwa macho ya mtu wa makaratasi, 1,5 na 1,4 ni kosa la kuchapa. Nimeziona ankara ambazo tarakimu moja imekaa vibaya na hakuna aliyeshtuka mpaka mzigo ulipofika kwa mwenyewe. Katika kisa kile chote hakuna mlanguzi hata mmoja. Yumo mtu aliyetaka kubana gharama, basi.

Walanguzi walikuja kwa mlango mwingine. Marekani ilipoipiga marufuku GHB mwaka 2000, na nchi nyingine zikafuata, waliozoea kuitumia hawakuacha. Wakahamia kwenye viyeyushi hivi vilivyokuwa bado vinauzwa kwa jina la dawa ya kusafishia. Uingereza ilichelewa. Aprili 2009 mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 21 akafariki Brighton baada ya kunywa GBL, na mama yake akawasumbua wanasiasa mpaka Desemba mwaka huo kemikali hizi mbili zikaingizwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa zinapokusudiwa kunywewa. Aprili 2022, baada ya kesi nzito za wanaume waliowalewesha wenzao kisha kuwabaka au kuwaua, zikapandishwa daraja, na hata wenye viwanda wakatakiwa kuwa na leseni. Hesabu mwenyewe: kutoka GHB kupigwa marufuku Marekani hadi mbadala wake kubanwa kisawasawa Uingereza, imepita zaidi ya miaka ishirini.

Hatari yake niieleze kwa ufupi, maana sitaki makala hii isomwe kama mwongozo. Kati ya kuchangamka na kuzimia pana nafasi ndogo sana, na mtu hawezi kuipima kwa jicho. Ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Butanidioli ina hila yake ya ziada: pombe hupewa nafasi ya kwanza kwenye ini, yenyewe inasubiri, kisha hugeuka kuwa GHB wakati mtu anadhani mambo yameisha. Naloksoni, ile dawa inayomrudisha aliyezidisha heroini, haifanyi lolote hapa. Na aliyezoea kuinywa kila siku akikatiza ghafla anaweza kuweweseka, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, kiasi cha kuhitaji kitanda cha hospitali. Halafu hutoka mwilini haraka. Ndani ya nusu siku hivi mkojo hauna tena cha kuonyesha, ndiyo maana waliofanyiwa uhalifu kwa dawa hii mara nyingi hufika kupimwa wamechelewa.

Turudi nyumbani. Sheria zipo. Ipo Sheria Namba 3 ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, inayomtaka muingizaji, msafirishaji na mwenye ghala kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kuwa na kibali. Ipo Sheria Namba 5 ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na chini yake zinabanwa kemikali bashirifu, yaani zile zinazoweza kutumika kutengenezea dawa. Mfano unaotajwa siku zote ni asetiki anhidraidi: kiwanda cha aspirini kinaihitaji, na anayegeuza mofini kuwa heroini anaihitaji vile vile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 uliwekewa majedwali kwa ajili ya kufuatilia mizigo ya namna hiyo kutoka bandari hadi bandari.

Ninachoweza kusema kama mtu wa ndani ni kwamba orodha husaidia tu pale jina lililoandikwa kwenye karatasi linapofanana na jina lililo kwenye orodha. Kemikali moja inaweza kuwa na majina matano: la kitabuni, la kibiashara, la kifupi, la kiwanda kilichoitengeneza, na lile la jumla la kuficha uvivu, “kiyeyushi cha viwandani”. Ndiyo maana karani mwenye akili haangalii jina kwanza. Anatafuta namba ya usajili wa kemikali, ile isiyobadilika hata jina likibadilishwa mara kumi, kisha anasoma karatasi ya usalama mpaka mwisho. Wengi hatusomi. Mteja anapiga simu kila saa, “Bosi, mzigo wangu vipi?”, gharama za kuhifadhi bandarini zinapanda, na karatasi yenyewe ina kurasa kumi na zaidi za herufi ndogo.

Cha pili ni mtu mwenyewe. Mwenye kiwanda cha rangi akiagiza mapipa ya lita 200, unajua yanakwenda wapi, una simu ya meneja wake wa ghala, mwaka jana aliagiza na mwaka kesho ataagiza. Akija asiye na kiwanda wala duka, anataka dumu chache za kemikali safi kuliko inayohitajika kubandulia rangi, analipa taslimu bila kuuliza bei mara mbili, na anataka zipelekwe kwenye nyumba ya kupanga, huyo hahitaji orodha ya serikali ili umtilie shaka. Mtanga asiyeomba kupunguziwa bei mimi sijapata kumwona! Nasema hivi kwa sababu tumezoea kudhani udhibiti ni kazi ya wenye sare. Wenye sare huona mzigo mara moja. Sisi makarani, wenye maghala, madereva na wauza maduka ya rangi tunauona kila siku.

Mpaka hapa nimeongelea mapipa. Mtaani Tanga sura ya jambo hili ni kopo la gundi.

Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, kuna fundi viatu ninayempelekea viatu vya wanangu. Ana sanduku la mbao, nyundo yenye mpini uliofungwa kitambaa, soli za tairi, sindano, uzi wa nailoni, na kopo la gundi ya njano. Anapaka kwenye soli na kwenye kiatu, anaviweka kando vikauke kidogo mpaka viwe vinanata bila kulowesha kidole, kisha anavibana na kugonga. Siku niliyokuwa nimekaa kwenye kibenchi chake alikuja kijana, miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, sweta la mikono mirefu kwenye joto lile, akaomba kopo lililokwisha.

“Hilo tupu, babu. Nipe hilo tupu.”

“Nenda, mwanangu. Hapa hakuna kopo tupu.”

Kijana akasimama kidogo, akaondoka. Fundi akaniambia makopo yaliyokwisha huyaponda kwa nyundo kwanza, huyaacha wazi juani mpaka jioni, ndipo huyatupa. Hakuna aliyemfundisha. Zamani alikuwa akiwagawia, akidhani wanayatengenezea magari ya kuchezea.

Gundi ya namna ile mara nyingi imeyeyushwa kwa toluini, au heksani, au mchanganyiko wa jamaa zao. Toluini hupanda kichwani haraka, inaua njaa, inaondoa baridi, na kwa mtoto anayelala nje bei yake haishindani na kete ya unga wala sahani ya ubwabwa. Ikizoeleka inakula ule utando mweupe unaofunika nyuzi za ubongo. Mtu anaanza kutetemeka, kuyumba akitembea, kusahau. Huvuruga figo na kuporomosha potasiamu mpaka misuli inakataa kazi. Heksani inashughulika na mishipa ya fahamu: ganzi inaanzia vidoleni, inapanda, miguu inalegea. Miaka ya 1960 huko Japani iliwapata watengenezaji wa kandambili waliokuwa wakifanya kazi majumbani. Wale hawakuwa wanusaji. Walikuwa wanafanya kazi tu, dirisha limefungwa. Niliposimulia hili, fundi wangu alicheka, ila tangu hapo sanduku lake limehamia upande unaopata upepo wa baharini.

Sasa kuna jambo moja ambalo lau ningepewa kipaza sauti uwanja wa Mkwakwani ningelisema hilo tu. Mtoto anayenusa gundi au petroli usimkimbize.

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Millard Bass, alichapisha maelezo ya vifo 110 vya vijana wanusaji ambao hawakukosa hewa kwa mfuko wala hawakuonekana na jeraha, walianguka tu. Baadhi yao walikuwa wametoka kukimbia, au wameshtuka. Maelezo yake ni haya: mvuke wa viyeyushi hivi huufanya moyo uwe mwepesi mno kuitikia homoni ya woga, ile adrenalini. Mtu akishtushwa au akitimua mbio, homoni inamwagika, mapigo yanavurugika, moyo unasimama. Inaweza kutokea hata mara ya kwanza kunusa.

Kisha nikumbushe tunavyofanya sisi. Tunamwona kijana kapinda kona, chupa ya plastiki imejificha ndani ya mkono wa sweta, tunapiga kelele, mwenye fimbo anatoka, vijana wenzake wanamfukuza wakicheka, na mtaa mzima unaona umefanya kazi ya malezi. Ukimkuta, msogelee taratibu, zungumza kwa sauti ya chini, mwondoe kwenye mvuke umpeleke kwenye hewa safi, mkalishe. Akiwa kalala hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu na umpeleke hospitali. Aliyekunywa kiyeyushi usimlazimishe kutapika, maana kikirudi kinaweza kuingia mapafuni, na usimpe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu.

Huko hospitali nako hali haifanani. Mtumiaji wa heroini leo ana pa kwenda. Huduma ya methadoni, dawa ya kumeza inayochukua nafasi ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sasa hata hapa kwetu hospitali ya Bombo ipo. Watu wanafika asubuhi, wanakunywa dozi yao mbele ya mhudumu, wanakwenda kwenye shughuli zao. Ninawajua walioondokana na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, wakarudi kuwa mafundi na madereva. Kwa mnusa gundi hakuna methadoni yake. Hakuna dawa ya kumeza inayochukua nafasi ya toluini. Kuna chakula, pa kulala, mtu wa kumfuatilia, na muda mrefu. Hivyo ni vitu ambavyo bajeti huvipenda kwa maneno. Nikiona mipango ya kupambana na dawa za kulevya inayopima mafanikio yake kwa kilo zilizokamatwa, huwa najiuliza kopo la fundi litaingia kwenye mizani ipi.

Na ukiubana unga peke yake, watu hawakai mikono mitupu. Mamlaka ya dawa za kulevya imekuwa ikieleza kwamba heroini inapoadimika, watumiaji huhamia kwenye dawa za hospitali zenye asili ya kulevya. Wauzaji nao huongezea wanachokipata. Marekani, kuanzia katikati ya 2024, wapimaji wa Los Angeles na Philadelphia walianza kukuta kwenye fentanili ya mtaani, dawa kali inayolevya kama heroini, kemikali inayoitwa BTMPS, ambayo kazi yake ni kukinga plastiki isiharibiwe na jua. Kemikali za ukoo huo ndizo zinazofanya kiti cha plastiki cha kule Raskazone kikae nje miaka bila kupasuka. Watumiaji walilalamika kuwa macho yanaona ukungu, masikio yanalia, na mzigo unanuka plastiki. Pombe inayo hadithi hiyo hiyo, na hiyo iko jirani zaidi: Mei 2014 huko Kenya zaidi ya watu 80 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kinywaji kilichotiwa methanoli, kiyeyushi ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho.

Kama kuna nchi iliyonionyesha njia ya maana, ni Australia tena. Kwenye jamii za wenyeji wa asili zilizosumbuliwa na unusaji wa petroli, fimbo hazikusaidia. Mwaka 2005 ikaanza kuuzwa huko petroli ya aina nyingine, Opal, iliyopunguzwa sana zile kemikali zinazolevya. Gari linakwenda kama kawaida, pua haipati kitu. Serikali ikafidia tofauti ya bei ili mwenye kituo asipate hasara. Unusaji ulishuka sana. Walibadilisha kitu chenyewe, na walikubali kulipia.

Nikamletea fundi wangu wazo hilo. Gundi za kuyeyushwa kwa maji zipo, viwanda vikubwa vya viatu vinazitumia, na nilimpatia kopo moja la kujaribia. Alikuwa na subira nami. Ile inataka joto na muda ili ikauke. Yeye anakaa chini ya mwarobaini na mteja anasubiri amesimama kwa mguu mmoja. Masika yalipopiga, kandambili mbili na kiatu kimoja cha shule vikarudi vimebanduka, na mwenye kiatu cha shule alikuja na mama yake. Amerudi kwenye gundi ya njano. Ila sasa hainunui kopo kubwa. Ananunua dogo linaloisha kwa siku mbili tatu, jioni analichukua nyumbani, na matupu anaendelea kuyaponda. Kopo dogo, ukipiga hesabu ya gramu kwa gramu, linamtoka ghali kuliko kubwa. Nimemuuliza tofauti hiyo anaitoa wapi. Ameipandisha kwenye bei ya soli, na wateja wawili wamehamia kwa fundi wa barabara ya pili yake, anayeuza hadi makopo.